Oili Uliyonichagulia

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini mu wazima, na kwamba kile kikohozi cha yule mdogo, ulichonieleza mara ya mwisho tulipozungumza, kimeshaondoka. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Goti la kushoto bado linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anazunguka ua mzima akigombana na kuku wa jirani. Mvua zimetuacha, bati la jikoni halivuji tena, na mimi mwenyewe nina afya, isipokuwa mikono, ambayo imechubuka na kuingia weusi usiotoka kwa sabuni. Sababu yake utaisoma huko mbele.

Najua utashangaa kupata barua. Umenipigia simu mara nyingi mwezi huu na sikupokea. Simu si mbovu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe unanishinda maneno tangu tukiwa wadogo. Nikianza na langu unaniingiza kwenye lako, na tukimaliza nakuta mimi ndiye niliyeomba radhi. Karatasi haikatizi mtu. Keti mahali penye utulivu uisome mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyogawana nyumba ya marehemu baba. Wewe ulichukua vyumba viwili vya mbele vinavyotazama barabara, ambavyo baadaye uliviuza ukahama, mimi na mama tukabaki na viwili vya nyuma, na kwa kuwa vya mbele ndivyo vyenye thamani, ukanipa vani yako kufidia. Ukaniambia, dada, chumba kimekaa palepale tu, gari litakutembeza. Kiwanda kilikuwa kimeshatupunguza, mimi na cherehani yangu ya kushonea kola, na nilikuwa nimekaa nyumbani miezi mitano nikitazama mabati. Nikasaini. Wala sikusoma karatasi yenyewe mara mbili. Nani husoma mara mbili karatasi ya ndugu yake?

Ndani ya wiki mbili nikapata kazi ya kuwapeleka hospitali wagonjwa watatu wa figo, wanaosafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mmoja ni Mama Vifungo, anayeuza vifungo na zipu sokoni. Wa pili ni kinyozi wa pale kona. Wa tatu ni Mwalimu, yule wetu wa hesabu, aliyekufundisha wewe kwanza na mimi miaka minne baadaye. Siku ileile nilikupigia kukupa habari njema, na nikakutajia mmoja mmoja. Ulicheka, ukasema nimpigie Mwalimu saluti kwa niaba yako, maana ndiye aliyekufundisha kugawanya. Nilimpigia. Alifurahi sana, akasema wewe ulikuwa hodari ila ulikuwa huonyeshi njia, unaleta jibu tu.

Mwalimu alikuwa anakaa kiti cha mbele. Hana ruhusa ya kunywa maji mengi, kwa hiyo ana chupa ndogo aliyoichora mistari kwa kalamu, na kila mstari una saa yake. Tukifika kwenye mzunguko wa barabara anakunywa hadi mstari wa kwanza, anafunga, anaendelea na hadithi. Mtu wa mashine hana mchezo, kaka. Akikosa siku moja maji yanabaki mwilini, na ikifuata Jumamosi na Jumapili yanampanda kifuani. Haya nilikueleza. Uliniambia nimepata kazi yenye thawabu.

Sasa nije kwenye oili.

Siku uliponikabidhi funguo ulinisimamisha mbele ya boneti ukanipa masharti kama ya mganga. Ulisema injini hii imezeeka, na injini kuukuu ni kama bibi kizee, inataka blanketi zito. Nisije nikaiwekea oili nyepesi za kisasa, zitapita kwenye sili, zile raba za kuzuia kuvuja, kama maji kwenye chujio la chai. Niweke nzito kuliko zote dukani, na juu yake nimimine ile chupa ndogo ya dawa inayovutika kama asali. Nisiikimbize. Nisiruhusu fundi yeyote aimwage yote, niwe naongezea tu. Halafu ukafungua mlango wa nyuma ukanionyesha makopo sita na chupa tatu, ukasema hiyo ni zawadi. Nilikukumbatia pale barabarani, mbele za watu.

Na kweli, gari lilikuwa kimya. Nilikuwa naliwasha asubuhi, majirani wanasema limetulia kama mashine ya kushonea. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi: ile taa nyekundu ya oili. Nikiwasha ilikuwa inachelewa kuzima. Mwanzoni nilihesabu mpaka tatu. Baada ya mwezi nilikuwa nahesabu mpaka saba.

Makopo yako yalipokwisha nilikwenda duka la spea. Kaka, ule ukuta wa oili ungeuona. Makopo ya bluu, ya kijani, ya dhahabu, namba juu ya namba, kila moja limeandikwa ndiyo bora kuliko zote. Nilisimama pale kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Muuzaji aliniuliza kama injini ni ya dizeli au petroli, imetembea kiasi gani, inavuja wapi, inatoa moshi wa rangi gani. Sikuwa na jibu hata moja zaidi ya dizeli. Nikasema nataka nzito kuliko zote. Akaniuliza nani kanishauri, nikasema kaka yangu. Akanitazama, akasema kabla ya kuniuzia angependa nimwone fundi mmoja pale gereji ya nyuma.

Huyo ndiye Fundi Miwani. Huna haja ya kujifanya humjui. Jina lake ulilitamka mwenyewe mara nyingi baadaye. Ni mtu mwembamba, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, na hazungumzi kabla hajafuta mikono. Aliniambia niwashe gari, akachukua nondo ndefu, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, kama daktari. Alisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akavuta kile kijiti cha kupimia, akaisugua oili kati ya vidole, akainusa, akakunja uso.

Akanieleza taratibu, na namshukuru kwamba hakunieleza kama mwanamke asiyejua kitu. Alisema oili nzito haina ubaya kwa injini iliyochoka, wapo wanaoitumia miaka na miaka, lakini huichagui kwa sababu gari ni la zamani tu. Unatazama kwanza kitabu cha gari kinasema nini, unapima presha, unaangalia kama inakula oili au inavuja, ndipo unaamua. Hii ya dizeli, kwa hali ya hewa yetu, kitabu kingesema uzito namba kumi na tano arobaini, ya kawaida, iliyoandikwa kuwa ni ya dizeli. Ile niliyokuwa naiweka mimi, pamoja na dawa, imekuwa nzito kama gundi. Asubuhi inapanda kwa kujivuta, na ule muda wote taa inapowaka, vyuma vya juu vinasagana vikavu. Halafu akaniambia neno ambalo limenikaa mpaka leo. "Dada, oili ni ya kulisha injini. Ukiona mtu ameiweka ili injini inyamaze, jiulize ilikuwa inataka kusema nini."

Nilirudi nyumbani nikakupigia. Ulipandisha sauti. Ulisema mafundi wote ni walewale, wanatafuta pa kuingiza mkono, na kama nataka kuua gari nimpe huyo. Basi nikakutii, shingo upande, wiki mbili nyingine. Nikanunua nzito nikaongezea. Taa ikafika kumi na moja.

Jumapili moja nilitoa kile kitabu cha gari kwenye droo ya mbele, kimekatika jalada, nikakaa nacho uani, mama anachambua mchele pembeni. Nilikisoma kama nilivyokuwa nasoma wakati wa mtihani. Kilikuwa na jedwali la joto na namba. Fundi hakukosea hata nukta. Jumatatu jioni, baada ya kuwarudisha wagonjwa, nikaenda gereji nikamwambia amwage yote aweke inayotakiwa.

Aliniomba kitu kimoja. Alitaka kabla ya kuweka mpya afungue sampu, ile sinia ya chini inayokusanya oili, atazame ndani. Nikamwambia hapana, weka tu. Akasema sawa, gari ni lako, lakini sikio lake halikupenda kitu fulani chini kule, na nikisikia kugonga nizime papo hapo, nisiende hata hatua kumi, nimpigie. Alisema kugonga huko hakutaletwa na oili mpya. Kutakuwa kumekuwepo siku zote, ila kulikuwa kumefunikwa.

Jumatano gari lilikwenda vizuri. Taa ilizima nikihesabu mbili. Nilifurahi nikamwonyesha Mwalimu, naye akanipa alama kumi kwa kumi.

Ijumaa, tulipopita ghala la saruji, nikasikia. Kama mtu aliyefungiwa chini ya gari anabisha kwa nyundo ndogo. Nilikumbuka alichoniambia fundi. Lakini nilikuwa na watu watatu ndani na hospitali iko mbele, nikasema nitajitahidi nifike. Tukaanza kupanda mlima wa tangi la maji. Kubisha kukawa kupigwa, kupigwa kukawa kishindo kimoja, usukani ukatetemeka mikononi mwangu, na injini ikakamata palepale, ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki mpaka nikasimama kwa mguu mmoja, kinyozi akaruka akaweka jiwe.

Tulikaa juani kwa saa mbili nzima. Gari dogo la kwanza lililokubali kusimama lilikuwa na nafasi mbili tu. Mwalimu alisema wapande Mama Vifungo na kinyozi, wao ni wadogo, yeye atangoja la pili. Nilimbishia, hakusikia. La pili lilipotufikisha hospitali zamu yake ya mashine ilikuwa imepita na chumba kimefungwa, wauguzi wakatuambia turudi Jumatatu. Aliniambia nisijali. Alikunywa mstari wake mmoja wa maji, akanishukuru kwa kumrudisha.

Jumamosi miguu ilimvimba mpaka viatu havikuingia. Jumapili alfajiri mkewe alinigongea. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani hawezi kulala chali, anavuta pumzi kama mtu anayezama. Tulimbeba kwa kiti. Alilazwa siku tisa, nne kati ya hizo akiwa na mpira wa hewa puani. Wewe nilikwambia ni siku mbili tatu tu.

Simu ya kwanza baada ya gari kufa nilikupigia wewe, nikiwa bado kwenye ule mlima. Ulinisikiliza, kisha ukaniambia kwa upole ambao sikuuzoea kwamba umesikitika lakini ulinionya. Ulisema yule fundi ameua injini kwa oili yake nyepesi, na asipochukuliwa hatua ataua nyingine. Kesho yake ukanisomea maneno ya malalamiko neno kwa neno, mimi naandika. "Kwa uzembe na ujuaji." Hayo ni yako. Mimi sikuwahi kutumia neno ujuaji maishani mwangu.

Mwenyekiti wa gereji aliwaita mafundi wote uani, akasoma barua yangu kwa sauti. Fundi Miwani alisimama amebana mikono. Hakubishana. Alisema tu kwamba anaomba sampu ifunguliwe hapohapo, mbele ya kila mtu, na kikionekana kosa lake ataondoka mwenyewe. Wote wakanigeukia mimi, mwenye gari. Nikasema gari langu haliguswi na yeye tena. Mwenyekiti akasema basi. Miaka kumi na moja alikuwa na kona yake pale. Alipakia vyuma vyake kwenye mkokoteni, akaifunga nondo yake juu kwa mpira wa baiskeli, akaondoka. Wateja wake wengine walishageuza magari kabla hajafika barabarani.

Vani ilivutwa ikaja kukaa uani kwetu karibu mwezi mzima. Wagonjwa walitafuta usafiri mwingine. Mwishowe nilimpata mama mmoja mwenye karakana ya kuchonga vyuma, ambaye hamjui fundi huyo wala wewe wala mimi, akakubali kuja kuishusha injini kwa sharti kwamba niwe mkono wake wa pili. Ndipo mikono ilipoingia weusi. Nilifungua boliti zote za ile sinia mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, ingawa nakueleza unachokijua.

Chujio la chini, lile linalofyonza oili, lilikuwa limezibwa na nyuzinyuzi za kahawia, zimeshikana kama nywele kwenye bomba la bafu. Yule mama alidhani ni kitambaa. Akafungua vikombe vinavyoshika mikono ya pistoni kwenye krenki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Cha kwanza kizima, cha pili kizima. Cha tatu beringi yake, kile kibati laini kinachozuia chuma kisisagane na chuma, haikuwepo. Mahali pa beringi palikuwa na kipande cha ngozi, kilichokatwa kwa mkasi kikakunjwa kufuata duara la chuma. Kililiwa upande mmoja kikawa chembamba kama karatasi, lakini upande uliolalia kikombe ulibaki.

Yule mama alicheka, si kwa furaha. Akaniambia hilo ni changa la macho la zamani, la watu wanaotaka kuuza gari linalogonga. Unaweka ngozi iliyolowekwa mafuta, unajaza oili nzito kuliko zote, unamimina na dawa, na gari linakaa kimya wiki kadhaa mradi lisikimbizwe. Linakufa mikononi mwa mwingine. Akaniuliza aliyeniuzia nani. Nikamwomba anipe kile kipande.

Nilikipeleka kile kipande bombani nikakiosha kwa sabuni. Upande uliobaki mzima ulikuwa umepigwa mhuri wa moto: tarakimu mbili tu, nne kisha saba, na nusu ya ile alama ya tarumbeta ndogo ya posta.

Mkoba wa baba, kaka. Ule aliobebea barua za watu miaka ishirini na sita. Namba arobaini na saba. Kila Jumamosi alikuwa anaupaka mafuta akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na sisi hatukuruhusiwa hata kuugusa kwa mikono yenye jasho. Alipofariki uliuchukua wewe, kwa kuwa ni mkubwa, na hakuna aliyebisha. Kama ungekata kiatu cha zamani, au mkanda wako wa suruali, pengine ningejidanganya mpaka leo kwamba gari ulilinunua na ubovu wake, nawe ulidanganywa kama mimi.

Niliketi juu ya tairi nikakishika kile kipande mpaka kikakauka. Sikulia. Nilikuwa nakuona tu, umepiga magoti mahali fulani, pengine sebuleni kwako, watoto wakicheza, unapima ngozi kwa kidole na kukata. Umechagua ngozi nzuri kwa sababu ilihitajika ngozi nzuri. Nikaona na makopo sita. Hata idadi yake ulikuwa umeipima, yatoshe mpaka wewe uwe umeshauza vyumba na kuhama. Na niliponyanyua simu nikakutajia nani atapanda ndani ya gari hilo, ukanipa saluti ya kumpelekea.

Ungeniambia gari limekufa, tungegawana kingine. Ungeniambia hunipi kitu, ningenuna mwaka mmoja, yangekwisha. Wewe uliniacha nikakukumbatia.

Hata hivyo, sikuandika barua hii ili nionekane mimi ni malaika na wewe ni shetani, na hapa ndipo mkono wangu unakuwa mzito.

Siku ile ya Jumatatu Fundi Miwani alipoimwaga oili yako, ilitoka polepole ikaingia kwenye beseni, na juu yake zikaelea nyuzinyuzi za kahawia. Alizinyanyua kwa bisibisi akanionyesha. Akasema hizi si za kitambaa, hii inaonekana ngozi, ndiyo maana nataka kufungua. Nilizitazama. Nikamwambia ni kitambaa, nilikuwa nafutia kijiti, kitakuwa kimechanika. Sikuwahi kufutia kijiti kwa kitambaa cha kahawia. Nilisema tu, ili asifungue, kwa kuwa niliogopa kitakachoonekana.

Na kwenye ule mlima, nilipokupigia nikikwambia gari limekamata na Mwalimu amekaa juani, neno lako la kwanza halikuwa kuuliza kama kuna aliyeumia. Uliuliza, "Wamefungua sampu?" Nilisema bado. Nikakusikia unashusha pumzi.

Nilijua pale pale. Sikujua ni ngozi ya mkoba, hilo sikuliota. Lakini nilijua kuna kitu kule chini na wewe unakijua. Na bado nikakaa mezani nikaandika ulichonisomea, nikaenda kusimama uani mbele ya watu wazima ishirini, na mtu yule alipoomba kitu kimoja tu, kifunguliwe kionekane, mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa na mtu wa kupoteza siku ile, ama yeye ama wewe, nikaona yeye si ndugu yangu. Wewe ulinisaliti mimi mmoja. Mimi nilimsaliti mtu aliyekuwa ananiambia ukweli, nikamvua nguo hadharani, ili nibaki na kaka.

Na kaka mwenyewe sikubaki naye.

Wiki iliyopita nilikwenda gereji na kile kipande ndani ya bahasha. Nilimwomba mwenyekiti awaite walewale. Nikasema yote, na la nyuzinyuzi pia, ambalo hakuna aliyekuwa analijua isipokuwa fundi mwenyewe, naye alikuwa amenyamaza nalo. Kuna waliotikisa vichwa, kuna aliyetema mate pembeni. Nilistahili. Mwenyekiti alisema kona ya Fundi Miwani bado iko wazi.

Fundi mwenyewe nilimkuta ng'ambo ya mji, chini ya ukuta wa shule, anatengeneza pikipiki kwenye kipande cha boksi. Nilimweleza nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kuketi, na hakuacha kazi. Nilipomaliza alifuta mikono, kama kawaida yake, ndipo akasema. Alisema alipoziona zile nyuzi alijua, na aliponitazama usoni alijua kwamba na mimi nimejua. Kwamba kilichomuuma si kufukuzwa, ni kuwa alinisubiri. Kila siku kwa mwezi mzima alidhani nitakuja.

Nilimuuliza kama atakubali kuirudisha injini, maana krenki imeshachongwa upya kule karakana na beringi mpya ziko nyumbani. Akasema atairudisha kwa ajili ya wagonjwa. Akasema, "Oili nitakuchagulia. Kukusamehe, bado." Nikasema sawa.

Alikuja jana. Alinipeleka dukani mbele ya ule ukuta akaniambia nichague mwenyewe, yeye atasimama nyuma. Nilisoma makopo moja moja. Nikachukua kumi na tano arobaini, ya dizeli, ya kawaida, kopo lenyewe halina hata urembo. Akaniuliza kwa nini hiyo. Nikamjibu kwamba ndiyo iliyo kwenye kitabu, beringi ni mpya hazina cha kuficha, sili nimebadilisha, na nitaimwaga mapema kuosha vumbi la chuma kipya, niweke nyingine kama hiyo. Hakunisifu. Alilibeba kopo mpaka kwenye gari.

Jumatatu naanza tena kuwapeleka. Mwalimu amekonda, anatembea na fimbo, lakini amesema kiti cha mbele ni chake. Aliniuliza juzi hali yako. Nikasema hujambo.

Vyumba siviombi, na gari ulilonipa nimeshalilipia. Nataka mambo mawili tu. Mwandikie mwenyekiti wa gereji kwa mkono wako, useme ulichofanya, ili karatasi yangu ya uongo isikae peke yake kwenye faili. Na mama umwambie mwenyewe. Yeye bado hajui kitu; kile kipande nimekificha ndani ya mto wangu. Nakupa mpaka Jumapili ijayo. Jumapili ikipita kimya nitaketi naye uani nimsomee nakala ya barua hii, mstari kwa mstari, na kipande nitamwekea mkononi.

Nisalimie wifi, yeye sina neno naye. Wabusu watoto, hasa mwenye kikohozi. Mama amepita hapa sasa hivi akaniuliza naandika nini kirefu hivi, nikamwambia nakuandikia wewe. Amefurahi. Amesema anakusalimu sana, anakuombea kila siku, na nisisahau kukushukuru tena kwa niaba yake kwa lile gari ulilotupa. Nimeziandika salamu zake kama alivyozitoa.

Wako,
dada yako mdogo